Mama kanambia nichague: yeye au chatu

Ami, assalaam alaykum. Nakusoma siku nyingi, zaidi ukijibu mambo ya kuku na mbuzi, leo lakini langu ni la nyoka na naomba usinicheke.

Mie kijana wa miaka 24, nakaa Fuoni kwa mama, kazi yangu hoteli kule Paje, naingia siku sita narudi nyumbani siku mbili. Wiki tatu nyuma nilikuwa Cheju kwa mjomba tunasafisha bonde la mpunga, akatokea chatu mdogo kwenye majani, urefu kama mkono wangu kutoka begani mpaka vidoleni, wenzangu wakataka kumpiga panga nikawazuia, nikavua fulana nikamtia humo nikenda naye nyumbani. Nimemwita Bosi.

Nimemuweka kwenye lile kontena la plastiki la kutilia nguo, jeupe linaonesha mpaka ndani, mfuniko nimeutoboa kwa msumari wa moto na juu nimeweka tofali. Nilimuwekea maziwa kwenye kisosi mana nimesikia tokea mdogo kwamba nyoka anapenda maziwa, hakugusa, yakachacha. Nikampa yai la kuku wa mama, hakugusa. Nikampa nyama ya ng'ombe nimekata vipande vidogo kama vya mishkaki, wapi. Wiki ya tatu hii hajala kitu. Halafu juzi nimemkagua nikaona vidoa vyeusi kama chembe za pilipili manga vinatembea pembeni ya macho na chini ya kidevu. Na nikimshika anajitupa kuning'ata, mwanzo hakuwa hivyo.

Nikiwa Paje anayemuangalia ni dada yangu, na dada ana mtoto wa miaka miwili. Mama ana kuku zake kumi na moja. Jirani mmoja kashaeneza kwamba nafuga jini. Mama alivumilia lakini juzi usiku kanambia wazi, "Chagua, mimi au huyo ukambaa wako," na toka siku hiyo chakula ananiwekea mezani hasemi neno.

Kilichoniponza ni mgeni mmoja Mjerumani pale hotelini, alinionesha kwenye simu nyoka wake mweupe ana mabaka ya njano, kajizungusha mkononi kama bangili, kanambia anakaa naye kama paka. Nikaona na mie naweza. Mwenzangu kazini kanambia yuko mtu atampa laki na nusu kwa Bosi, mie sitaki kuuza, nampenda kweli. Nataka kujua tu nimlishe nini, nimuweke wapi, na mama nimwambieje.

Mpenda Nyoka, Fuoni

*

Wa alaykumu salaam mwanangu. Sikucheki, na sababu ya kutokucheka nitakwambia huko mbele. Tuanze na Bosi mana yeye ndo aliye kwenye shida, wewe na mama mtasubiri kidogo.

Maziwa toa leo hii. Nyoka hanywi maziwa, hayo maneno tumeyakuta na tutayaacha lakini hayana ukweli, nyoka anakunywa maji. Chukua bakuli zito lisilopinduka, maji safi, yabadilishwe kila siku. Yai pia toa, wako nyoka wanaokula mayai lakini si huyu, na vipande vya nyama hata akivila havimtoshi mana nyoka anameza mnyama mzima na manyoya na mifupa yake, mifupa ndo inayompa chokaa ya mifupa yake mwenyewe. Usimfungue mdomo kwa nguvu ukamshindilia kitu, utamvunja taya. Chatu aliyekamatwa mzima anastahamili wiki kadhaa bila chakula, bila maji hastahamili.

Wewe unauliza ale nini, mie nakuuliza kwa nini hali. Jitie wewe ndani ya sanduku la kioo katikati ya sebule ya watu usiowajua, huna pa kujificha, mtoto anagonga kioo, kila jioni unanyanyuliwa juu unapitishwa kwa wageni, utasikia njaa? Nyoka mwenye khofu hali. Na huko kujitupa kukung'ata si ukali, anaogopa, kila siku moja inayopita anazidi kuogopa. Funika hilo kontena kwa kanga pande zote, mtilie boksi la viatu lenye tundu moja ajifiche, na asishikwe na mtu bila ya lazima, wewe mwenyewe pia.

Hizo pilipili manga zinazotembea ni utitiri. Si utitiri wa kuku, huu ni wa nyoka, unamfyonza damu na unajificha chini ya magamba na pembeni ya macho. Wengi waliokamatwa porini wanao, wana na kupe, na minyoo ndani, porini anaishi navyo lakini kwenye kontena dogo vinazaana mpaka vinamshinda. Nakuomba sana usimpake ile poda ya kuku wala dawa ya kuogeshea ng'ombe, utamuua kwa mchana mmoja. Mtie kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kina kidogo tu kichwa kikae juu bila taabu, nusu saa, na wewe ukae hapo hapo usende kuchati. Kontena ulioshe kwa maji ya moto, chini tandika karatasi nyeupe ya kutupa kila siku. Hii ni ya kumpunguzia mateso siku mbili tatu hizi, si dawa ya kufugia.

Sasa nikwambie kwa nini sikucheki. Mie nilikuwa na miaka 19, tunakaa Kikwajuni kwa bibi, nikaletewa chatu kutoka shamba kama wako hivyo hivyo, labda mrefu kidogo. Nikamtengenezea boksi la mbao, mbele nikapiga wavu wa kuku, nikajiona fundi. Usiku nikilala nasikia kitu kinakwaruza, kra, kra, kra, nikidhani panya. Alikuwa yeye, anasukuma pua kwenye wavu usiku kucha kutafuta njia ya kutoka. Wiki ya pili pua imechubuka, nikampaka mafuta ya nazi nikaona yatatosha. Wiki ya nne asubuhi nikamkuta mdomo umevimba, ndani ya ufizi kuna usaha kama jibini, taya hazifungi. Alikaa siku tisa vile. Nilimzika nyuma ya choo saa nne usiku, bibi akijua nakwenda kutupa taka, na mpaka leo nikisikia kitu kinakwaruza wavu nageuka. Ndo maana nikasomea mifugo, lakini hiyo si hadithi ya leo.

Kwa hiyo jibu langu kwa Bosi ni kwamba hafugiki na wewe. Kidogo chako hicho ni mtoto wa miezi tu. Akikua anapita mita tatu, jike anaweza kufika nne na zaidi, unene wa paja la mtu mzima, mlo wake si panya tena ni kuku wa mama yako wote kumi na moja na baadaye mbuzi mdogo. Mnyama huyo hashikwi na mtu mmoja, anataka chumba chake, na chumba hicho kinataka watu wawili wazima kila unapoufungua mlango, na anaishi miaka 20 na zaidi, yaani wewe utakuwa na miaka 45 na Bosi bado anataka mbuzi. Mchumba utamwambia nini, njoo uone chumba chetu, na hichi kingine si chetu?

Na lipo la sheria ambalo hukuuliza. Wanyama pori wa hapa Zanzibar wako chini ya sheria ya misitu, namba 10 ya mwaka 1996, huokoti mnyama msituni ukamfanya wako kwa sababu umemvulia fulana. Chatu wote tena wamo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Huyo wa laki na nusu muepuke kama ukoma. Hakusema anamtakia nini, ngozi au kumuuza nje au mambo ya waganga, na wewe ukishapokea pesa ushakuwa mfanyabiashara.

Cha kufanya ni kwenda Idara ya Misitu, Maruhubi, ukawaeleza ukweli ulivyo, umemuokota Cheju tarehe fulani, alikuwa anataka kuuliwa, anao utitiri. Wao ndo wataamua arudishwe lini na vipi. Usimwachie Fuoni nyuma ya nyumba kwa kumuonea huruma, atapigwa panga kabla ya adhuhuri. Wala usimpeleke msitu wowote unaokujia kichwani, kila mnyama na pahala pake na magonjwa ya pahala pake. Chatu wa Cheju kwao Cheju, kuna vyura, kuna panya wa mpunga, na mkulima mwenye akili anajua panya hao wanakula zaidi ya anachokula chatu.

Naona ushanuna. Sawa, tuseme umemrudisha Bosi na moyo bado uko kwenye nyoka, mana najua huo ugonjwa hautoki. Basi jifunze kuchagua, kwa sababu wewe hukuchagua nyoka, nyoka alikutokea.

Yule wa Mjerumani si chatu wetu. Ni jamii ya chatu wadogo wa Afrika Magharibi, huko Ghana, Togo, Benin, akiogopa anajikunja anakuwa kama mpira. Kwa kawaida haendi zaidi ya mita moja na nusu. Huo weupe na unjano umetafutwa kwa kuzalisha vizazi na vizazi, amezaliwa ndani ya boksi na wazazi wake pia, mkono wa binadamu ameuona tokea anatoka kwenye yai. Ndo tofauti yake na Bosi. Na hata yeye si wa kukurupukia, mana anaishi miaka 20 mpaka 30. Kuna mmoja kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, mwaka 2020 alitaga mayai saba akiwa na miaka inayokisiwa kuwa 62! Mwenye kumnunua huyo akiwa kijana angeshakuwa na vijukuu. Mtu anayekwambia "kama paka" hakukwambia hilo, na paka tena anakujua ukirudi safari, nyoka hakujui kwa mapenzi, anazoea tu kwamba wewe humdhuru. Ukitaka wa kukupenda fuga paka.

Wanaoanza huko Ulaya na Marekani wengine wanaanza na nyoka ambaye wewe umeshamuona hapa hapa na pengine ushamuua. Yule wa kahawia anayeingia majumbani usiku kufuata panya, hana sumu, kichwani ana mistari miwili ya rangi ya maziwa inapita kwenye jicho. Jike anafika mita moja hivi, dume mdogo zaidi. Anakula vizuri, hana makuu, nafasi ndogo inamtosha. Lakini na yeye pia huendi kumtoa kwenye paa la jirani, unapita kule kule Maruhubi kwanza uulize kinachoruhusiwa, na wakikwambia hapana ni hapana.

Ukitaka kumjua nyoka mzima mtazame kabla hujampenda. Macho maang'avu, ila anapokaribia kujivua gamba yanakuwa ya buluu ya maziwa na hapo mwache kabisa. Mdomo unafunga sawasawa, hakuna mate mazito, hapumui kwa kukoroma au kutoa mapovu. Mgongo mviringo, uti wa mgongo usionekane kama paa la nyumba. Ulimi unatoka unaingia. Na muambie anayekupa, nioneshe anakula, nikiwa nimesimama hapa. Akianza visingizio ondoka.

Nyumba yake fundi seremala anaweza, huhitaji ya dukani. Mbao, mbele kioo cha kuteleza chenye kufuli, matundu ya hewa yapigwe wavu laini wa mbu kwa ndani, si wavu wa kuku nakuomba. Urefu na upana ukijumlisha usipungue urefu wa nyoka, ukiweza zaidi ndo vizuri. Na kufuli ni kufuli, tofali si kufuli, nyoka anasukuma kwa kichwa usiku mzima na kila tundu linaloingiza kichwa linaingiza na mwili. Vijificho viwili, kimoja upande wa joto kimoja upande wa baridi, mana nyoka hana joto la mwili wake, anahamahama kati ya joto na ubaridi kujipima.

Hapo kwenye joto ndo utaona watu wetu wanavyosoma maelekezo ya Ulaya wakaharibu. Huko wanasema nunua taa, nunua mkeka wa umeme, kwa sababu nje kuna theluji. Sisi nyoka wa hapa na joto la hapa, taa ya nini? Upande wa joto nyuzi 30 hivi, wa baridi 25 au 26, chumba cha kawaida chenye kivuli kinakufikisha hapo karibu mwaka mzima, labda usiku wa kipupwe mwezi wa saba. Hatari yetu ni kinyume, chumba cha bati mwezi wa pili saa nane mchana, ukimfungia humo unampika, na ukiwa Paje hutajua. Nunua vipimajoto viwili vya bei rahisi, kimoja kila upande. Na umeme wenyewe tunaujua, walioishi hapa ile miezi mitatu ya kiza kuanzia Disemba 2009 hawawezi kutundika roho ya mnyama kwenye waya.

Chakula ni panya aliyekwisha kufa, unene wake kama pale nyoka alipo mnene zaidi, mdogo mara moja kwa wiki, mkubwa kila wiki mbili. Panya hai usimtie, panya akiona hakuliwa anaanza kumtafuna nyoka. Na panya wa mtego wa Fuoni usimpe hata kidogo, mtaa mzima unatega kwa sumu, panya kala sumu kwa jirani kafia kwako, nyoka akimmeza sumu imefika. Fuga panya weupe mwenyewe. Ndio, kufuga nyoka mmoja maana yake ni kufuga na panya, hilo mama hajalisikia bado. Akishakula usimshike siku mbili, atatapika.

Na kila unapomshika, kabla na baada, mikono kwa sabuni. Nyoka hata mzima anabeba salmonela kwenye kinyesi na ngozi, mtu mzima ataharisha apone lakini mtoto wa miaka miwili anaweza kulazwa. Nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano mie nasema asiwepo nyoka, na hapa sibembelezi.

Jengine ambalo hukuniuliza, lakini kwa mikono yako hiyo ya kuvulia fulana nakwambia. Nyoka wa kijani usimguse. Tunao ukukwi wasio na madhara, kila mchuma karafuu kashakutana nao tawini, lakini Unguja hii hii yupo na koboko wa kijani na sumu yake inaua, na wote wawili wako juu ya mti na wote kijani. Hata mie wa kazi hii sitofautishi kwa kutupia jicho nikiwa chini. Ukigongwa, usikate, usifyonze, usifunge kamba, mguu au mkono utulizwe usitembeetembee, na upelekwe hospitali moja kwa moja, hakuna jiwe la nyoka hakuna mganga njiani.

Kuhusu dini kamuulize shekhe wako kwa uso, mie wa mifugo si mufti, na utasikia wengi hawaruhusu kumfuga nyoka kwa vile hadithi zimeamrisha kumuua. Ninayoijua vizuri ni ile ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, alimfungia, hakumlisha wala hakumuacha akajitafutia mwenyewe. Wewe ukiwa Paje siku sita, Bosi kafungiwa na nani?

Ndo nafika kwa mama. Unaniuliza umwambieje kama kwamba kuna maneno ya kumgeuza. Hakuna. Umeleta chatu ndani ya nyumba ya mtu bila kumuuliza, ukamuachia dada yako mwenye mtoto, ukenda zako kazini. Mama kavumilia wiki tatu, mie mke wangu asingevumilia mpaka maghrib. Muombe radhi, na dada pia, na lile yai ulilompa nyoka lilikuwa lake. Usianze na "lakini mama". Miaka ikienda ukapata kwako, kazi ya karibu, mke aliyekubali kwa mdomo wake, hapo tuandikiane tena.

Jumatatu asubuhi basi. Mtie Bosi kwenye foronya ya pamba ilokuwa haina tundu, funga mdomo wa foronya fundo madhubuti, foronya uitie kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, ndoo isikae juani. Daladala usipande naye, wakijua kilichomo watu watatokea madirishani, chukua bodaboda na mwenye boda umwambie kabla hujapanda. Na foronya usichukue za mama.